Laban Bado Yuko Barabarani

Asubuhi hiyo Sheryl alikuwa anapiga pasi sketi ya shule, makaa zimeshika vizuri, wakati kaka yake Laban alitoa skuta yake ya umeme aende kazi Nyamasaria. Aliisukuma mpaka barabara ya Ahero, akapanda, na magurudumu yalipogusa lami akaanza kupotea: viatu kwanza, halafu magoti, mwisho kofia. Hakuna mtu aligeuka. Skuta haikuwa na namba, na sheria haikuwa imeamua ni kitu gani, kwa hivyo ikiwa kwa lami haikuonekana, pamoja na mwenye kuiendesha. Akishuka pembeni kwa vumbi, Laban alikuwa anarudi mzima mzima.

Shida ilikuwa hapo pembeni. Kulikuwa na watu wa boda na akina mama wa kuchoma mahindi.

"Wewe, toa hiyo toy hapa!" Mama Nasipwondi alikuwa anamfokea. "Utapindua jiko yangu! Si barabara ndio hiyo?"

"Mama, kwa barabara hawanioni."

"Basi hata sisi tupumzike kukuona!"

Watu wa boda wakacheka, na Laban akarudi kwa lami.

Jioni hiyo hakushuka. Hakukuwa na damu, hakukuwa na skuta. Lori moja ya mchanga ilipita ikiwa imebonyea mbele. Dereva akasema hakuona kitu, na alikuwa anasema ukweli.

Baba yao mdogo, Ooko, alienda kwa polisi wa kizuizi. Sajenti Waswa alimpa kiti.

"Mzee, skuta hairuhusiwi barabarani. Kwa hivyo haikuwa barabarani. Sasa niandike ajali ya nani?"

Lakini Sheryl akisimama kando ya lami alikuwa anasikia mlio mwembamba kama wa mbu, upepo kidogo kwa miguu, na sauti ya Laban ikiomba njia: "Side! Side!" Akamwandikia kwa simu. Laban akajibu: *Natafuta mahali ya kushuka. Wamejaza kote.*

Ooko alisoma ujumbe, akamrudishia simu pole pole. "Nyathina, mtoto wangu, huyu hajasema yuko hai. Amesema tu hajashuka."

Kesho yake akaleta tunda ya yago, refu na nzito, ile huzikwa wakati mwili imekosekana. Mama yao aliivalisha shati ya Laban, akafunga vifungo yote. Kila mtu kwa boma alijua: yago ikishafunikwa, mwenyewe hana tena mahali pa kurudi.

Sheryl alikimbia barabarani.

"Mama Nasipwondi, tafadhali sogeza jiko kidogo. Laban anataka kushuka."

"Nisogee niende wapi, mtoto? Kwa lami?"

Watu wa boda walimwangalia tu kutoka juu ya pikipiki zao. Mlio ukaja, ukapunguza mwendo mbele ya jiko, ukangoja. Halafu lori ikapiga honi nyuma yake bila kujua inapigia nani, na mlio ukaendelea.

Kutoka nyumbani jembe zilianza kusikika. Sheryl akaandika haraka:

*Laban shuka popote, hata ukipindua jiko. Wanachimba.*

Ujumbe ukafika, tiki mbili. Mama Nasipwondi akageuza mahindi. Kule bomani watu wakaanza kuimba, na Sheryl akabaki amesimama, macho kwa simu, akingoja zile tiki zigeuke bluu.