Hitma ya Nasibu

Hilal alijaliwa sauti, na sauti ndiyo iliyomponza. Jioni moja ya mwaka 1936 serikali ilileta sinema Temeke, ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, na Hilal ndiye aliyeshika kipaza sauti kueleza picha kwa Kiswahili. Kwanza Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alihutubu: vita vile, alisema, viliwafanya watu wa nchi hii kuwa ndugu. Kisha askari wakapita kwenye kitambaa cheupe, wanacheka, nguo hazina hata tope. Hilal naye akatia chumvi, watu wakashangilia.

Bi Tunu hakushangilia. Wanawe wawili walikwenda vita hivyo: Muhdhar kwa Mjerumani, Nasibu kwa Mwingereza. Muhdhar alikufa kwa homa, na kidaftari chake cha mambo ya kila siku kikarudi nyumbani; Nasibu hakuonekana tena. Bi Tunu hakujua kusoma. Hilal, jirani mwenye duka, ndiye aliyemsomea: Nasibu alivuka mto salama, akaenda zake kusini.

Asubuhi Bi Tunu akaja dukani na kidaftari.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Jana sinema nzima hakufa mtu. Na hiki nacho, ukisoma wewe, hafi mtu. Hebu kisome tena, mwanangu."

Hilal alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini safari hii alisoma kilichoandikwa.

"Ijumaa, tarehe tatu Mfungo Nne. Tumewapiga wa ng'ambo ya mto. Tulipovuka nimemkuta Nasibu kati ya maiti. Risasi ya nani, sijui. Nimemzika mwenyewe. Mama asijue."

Mteja mmoja akaja, akaondoka, ndipo Bi Tunu akasema:

"Kila mwaka namsomea Muhdhar hitma. Nasibu sijamsomea hata moja, nilikuwa namwombea safari njema. Miaka kumi na tisa, Hilal, umemnyima mwanangu dua."

"Nilikuonea huruma."

"Alhamisi hitma kwangu. Utasoma ukurasa huo mbele ya watu."

"Na Bwana Shauri akisikia?"

"Yeye kashasema yake."

Alhamisi baraza ilijaa. Hilal alisimama, akasoma kwa sauti ndogo hata watu wakamsogelea. Alipomaliza aliinamisha kichwa kwa aibu, akingoja kulaaniwa.

"Rudia," Bi Tunu alisema. "Hapo ndugu yake alipomzika."

Akarudia. Akaambiwa arudie tena.