Nyongeza Hulipwa kwa Neno

Kituku hakuwa na cheti cha darasa la nane, wala meza ya kusomea, wala miwani iliyomfaa. Aliyovaa ilikuwa ya marehemu kaka yake. Hakuwa na mtu nyumbani wa kumsomea imla, na zaidi ya yote hakuwa na kifua cha kustahimili kushindwa. Alikuwa na kamusi, kibanda cha kushona viatu mjini Voi, na uenyekiti wa darasa la ngumbaru, lile la watu wazima.

Chuo cha wakalimani wa mahakama kilikuwa kimeliandikia darasa: leteni jina moja tu la kufanya mtihani wa kuingia, kwa barua ya mwenyekiti. Mtihani ulikuwa wa maneno, maana zake na kuyatumia papo kwa papo. Kituku akaianza kamusi toka A, kurasa mbili kila siku. Mwezi wa saba alikuwa herufi M, na moyoni ameshajiona chuoni.

Nthenya, mwanafunzi mwenzake, muuza mboga wa kutoka Bura, hakuwa na kamusi. Kwake sokoni, mteja akitaka nyongeza alilipa kwa neno. "Nipe nisilolijua, nikuongezee sukuma," ndivyo alivyosema. Mpwani akatoa la kwao, karani akatoa la ofisini. Kituku aliposikia alicheka. Hayo ni maneno ya kuokoteza, akasema.

Siku ya jaribio la darasani la kumpata wa kupelekwa chuoni, Mwalimu Zephaniah aliuliza maana ya ghiliba. Kituku akasimama, akajibu, "Udanganyifu," akaketi. Nthenya akaeleza habari za anayepanga nyanya nzuri juu ya kreti na mbovu chini, halafu anakuapia kwa jina la mamake. Darasa likavunjika mbavu. Mwishowe Nthenya alipata arobaini na moja, Kituku thelathini na sita.

Tangu hapo alichukia hata kicheko cha yule mama. Mwalimu alipopanda kwao Mwanda kwa mazishi, Kituku akaandika barua na kutia jina lake mwenyewe. Nani angempinga?

Kabla hajaipeleka, Nthenya akaja kibandani na ndara iliyokatika.

"Mwenyekiti," akasema, "kama umeandika jina lako niambie, nirudie mboga zangu. Sitakusema kwa mtu."

"Nani amekwambia nimeandika langu?"

"Hakuna. Lakini ningekuwa wewe, ningeandika langu. Miezi yote hii nakuonea wivu na hiyo kamusi. Nikipita hapa nikuone umeifungua, siku yangu imeharibika."

Kituku akainamia ndara, uzi ukamtatiza vidoleni. Kumbe hata huo wivu hakuwa nao peke yake.

Nthenya alipoondoka, aliichana barua, akaanza nyingine. Alidhamiria kuandika kwamba mama huyu anafaa, basi. Kalamu haikukubali. Akaandika habari za nyongeza na za kreti, akaweka alama zao wote wawili kama zilivyokuwa, na jina la Nthenya. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na hilo nalo likamchoma: uzuri wote ule, na sifa ni za mwingine.

Gundi ya bahasha hakuiamini. Alipaka ile ya viatu isiyobanduka, akaigonga kwa nyundo, akaenda posta mbio kabla moyo haujamgeuka, akaitumbukiza.