Roboti Mwenye Huruma

Darasa zima halikuwa na roboti mbovu kama Pole. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu alimwambia pole kila mtu, hata kiti alichokikwaa, na moyo wa namna hiyo ni mzuri popote duniani isipokuwa kwenye kipindi cha roboti.

Maana mwalimu wao, mama mmoja mnene mwenye utani mwingi, alikuwa na utaratibu wake. Roboti yenyewe ilikuwa kigari cha plastiki chenye vitufe mgongoni, lakini kabla programu haijaingizwa humo, ilijaribiwa kwanza kwa miguu ya mtu. Madawati yalisukumwa ukutani, miraba ikachorwa sakafuni kwa chaki, kisha aliyetunga programu akasoma kadi zake za maagizo moja moja na mwenzake akatembea kama roboti. Anayetembea hakuruhusiwa kufikiri. Akiambiwa mbele, ni mbele, hata kama mbele ni ukuta. Akigonga, hakuna kulaumiana. Mwalimu anauliza tu: ulitegemea nini, na kimetokea nini? Halafu mtunzi anatafuta kosa lake mwenyewe.

Siku hiyo roho ya mwalimu ilikuwa juu juu kwa sababu ya Mzee. Mzee alikuwa mtoto kama wengine, ila alitembea mikono nyuma kama mtu aliyestaafu. Wiki iliyopita kigari chake kilizunguka mahali pamoja mpaka betri ikaisha, darasa likavunjika mbavu, naye akamfuata mwalimu mlangoni.

"Mwalimu, mimi nimeacha. Haya mambo yana wenyewe."

Leo alikuwa amerudi kwa sababu tu Pole alimwendea nyumbani akambembeleza. Mwalimu alijua kwamba akiondoka tena, harudi, na wazo hilo lilimuuma. Alimpenda yule mtoto, na jinsi alivyofikiri taratibu bila kuona haya.

Mzee akashika kadi zake. Pole akasimama mlangoni, kajikaza kama mti. Safari ilikuwa ya kutoka pale hadi kwenye boksi la chaki.

"Mbele," Mzee akasoma. "Mbele. Geuka kushoto. Mbele. Mbele."

Boksi lilikuwa kulia. Mzee alitunga programu yake akiwa ameketi kuelekea mlangoni, na kushoto kwake ndiko kulikokuwa kulia kwa roboti. Pole akasita. Akamtazama rafiki yake, akageuka kulia kana kwamba ndivyo alivyosikia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye boksi.

Darasa likapiga makofi. Mzee akatabasamu mpaka mikono ikamtoka nyuma. Mwalimu alikuwa ameona kila kitu. Alifungua mdomo, akaliona lile tabasamu, akaufunga. Kuna ubaya gani mtoto akifurahi kidogo? Akajifanya hamnazo.

Ubaya ni kwamba kigari hakina huruma. Mzee alibonyeza vitufe kwa mpangilio wa kadi zake, akakiweka mlangoni. Kilikwenda mbele, kikageuka kushoto, kikakumbana na kabati, na magurudumu yakaendelea kusukuma tu mpaka rundo la madaftari juu ya kabati hilo lililolegea miguu likaporomoka. Watoto wakaangua kicheko.

Mzee hakulia. Alizisoma kadi zake upya, kisha akamgeukia Pole.

"Wewe uligeuka wapi?"

"Kulia."

"Na mimi nilisema wapi?"

"Kushoto. Lakini nilijua unataka kulia. Sikutaka wakucheke tena."

"Sasa si wamenicheka?" Akamtazama mwalimu. "Na wewe mwalimu, uliona?"

Mwalimu yeyote ana majibu tele ya kumnyamazisha mtoto, na yote yalimpitia kichwani. Masikio yalimwaka kwa aibu.

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaacha."

"Mmeniacha nifurahi bure," Mzee akasema, akaziweka kadi juu ya dawati.

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu akavua viatu, akaenda kusimama mlangoni, kwenye mraba wa kwanza.

"Nisomee mimi. Zile zile, usibadilishe."

"Utaenda kweli?"

"Nitaenda utakakonituma."

Mzee akaziokota kadi shingo upande. "Mbele. Mbele. Geuka kushoto." Mwalimu akageuka. "Mbele." Sasa kabati lilikuwa puani pake, na Mzee alikuwa bado na kadi moja mkononi. Akaiangalia kadi, akamwangalia mwalimu.

"Mbele," akasema kwa sauti ya chini.

Goti la mwalimu likagonga kabati, kishindo kikasikika darasa zima. Pole alikuwa amefumba macho.

"Ulitegemea nini?" mwalimu akauliza. Uso wake ulikuwa bado umeelekea kabatini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ageuke.

"Boksi la chaki."

"Kimetokea nini?"

Mzee hakuwa na haraka. Alikwenda akasimama nyuma ya mwalimu, akatazama alikotazama yeye, akanyanyua mkono wake mwenyewe wa kulia, akaukagua kama vile ameazimwa.

"Umeenda nilikokutuma," akasema. "Kosa ni kadi ya tatu."

Akabadilisha ile kadi. Mwalimu akageuka kurudi mlangoni huku akichechemea, lakini Mzee akamzuia kwa mkono.

"Wewe pumzika, mwalimu. Pole, njoo utembee. Na ukinihurumia tena, hapo ndipo nitaacha kweli."

Pole akafuta macho kwa kiganja, akaenda kusimama mlangoni.