Kupokezana Muheme

Raheli aliingia chumba cha mazoezi cha hospitali ya misheni pale Mvumi akitembea taratibu, mkono kiunoni, na nyuma yake mumewe Lameck akiwa amejitwika ngoma. Wagonjwa waliokuwa wakinyoosha magoti kwenye mikeka waliacha, wakatazama. Mzee mmoja aliyekuwa akijifunza kutembea upya baada ya kiharusi aliuliza kama siku hizi maumivu yanapungwa kama pepo. Lameck, mtu asiyeogopa kuchekwa, akamjibu kwamba wamechoka na vidonge, sasa wamekuja na mganga wao.

Aliyeagiza ngoma ile iletwe ni Joha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Tanga aliyehamia Dodoma kikazi na ambaye bado alikuwa hajalizoea vumbi lake. Kwa miezi mingi alikuwa akihangaika na mgongo wa Raheli, nao ulikuwa mkaidi. Raheli alianguka na ndoo ya maji miaka kadhaa nyuma. Mfupa uliopasuka ukaunga, maumivu yakagoma kuondoka. Picha zilipigwa, zisionyeshe kitu. Joha alimweleza kwamba mwili uliowahi kuumia ni kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuibiwa: humbwekea hata mwenye mji. Kazi yao haikuwa kumuua mbwa, bali kumzoesha.

Raheli alikubali kwa mdomo. Lakini siku mgongo ulipotulia alilima tuta baada ya tuta, akatwanga, akateka maji, kana kwamba anazidai siku zote alizolala. Kesho yake hakuweza hata kujigeuza kitandani. Kwao mvua ni chache, jembe halina subira, na mwanamke hupimwa kwa kazi aliyoimaliza, si aliyoianza. Hata mazoezi aliyafanya hivyo hivyo. Aliambiwa ainue kiuno kidogo tu, yeye akainua mpaka jasho likamtoka, akiamini kwamba anayeumia zaidi ndiye atakayewahi kupona.

Hata hivyo, lililomkosesha usingizi halikuwa jembe. Mavuno yakiisha, vijana wangetoka jandoni, na wanawake wangepiga ngoma ya muheme kuwapokea. Muheme hubanwa katikati ya mapaja, mpigaji ameinama kidogo, na mgongo ndio unaobeba kazi yote. Kila mwanamke huwa na ngoma yake, ila mmoja huongoza na wengine humfuata. Raheli aliongoza tangu mama mkwe wake alipomkabidhi nafasi ile. Mwaka jana alishinda amelala mkekani pembeni mwa uwanja, akimsikiliza wifi yake Debora akiongoza. Debora aliongoza vizuri, na hapo ndipo palipouma. Akilala tena mwaka huu, hakuna atakayesema neno. Nafasi itakuwa imehama, basi.

"Nionyeshe unavyosimama, mama," Joha alisema.

Raheli akaipachika ngoma, akaanza. Chumba kikajaa mlio, na yule mzee wa kiharusi akaanza kutikisa kichwa. Joha hakuitazama mikono. Alitazama magoti, mabega na kifua. Akamwambia kwamba anabana pumzi na magoti ameyakaza mno. Akampanua miguu, akamfundisha kutoa pumzi pamoja na pigo. Kisha, utamu ulipokolea, akamgusa bega.

"Hapo. Acha."

"Mbona siumwi bado?"

"Ndiyo maana nakuambia uache. Ukingoja maumivu yakuamuru, umechelewa."

"Mwanangu, muheme haukatwi katikati. Ukinyamaza kabla ya wimbo kwisha, ni mkosi kwa watoto."

Joha akafikiri kidogo. "Asiyetakiwa kunyamaza ni wewe, mama, au ni ngoma?"

Raheli akaishusha ngoma. Jibu alilijua, na jina la jibu hilo lilikuwa Debora.

Aliondoka nalo, akalikalia. Wanawake walipokutana kijijini kujinoa, mgongo wake ulikuwa umetulia na vigelegele vilikuwa vingi. Aliongoza mpaka jua likazama, bila kumgeukia Debora hata mara moja. Kulipokucha, Lameck alimlisha ugali wa uwele na mlenda akiwa amelala chali. Mume yule mwenye utani hakutania. Raheli alilia, kwa maumivu na kwa hasira ya kujua kwamba kajitakia mwenyewe. Alipofuta machozi, akaagiza wifi yake aitwe.

Debora akaja, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wifi, nataka tupokezane," Raheli alisema. "Nianze mimi, nikupe, kisha unirudishie."

"Na nisiporudisha?" Debora alitania, lakini wote wawili walijua kwamba si utani mtupu.

"Nitaumia. Nakwambia kabisa, nitaumia sana. Lakini nimechoka kuipenda ngoma kwa namna ya kuniua."

Debora akasema kwamba mwaka jana aliongoza huku macho yake yakiwa pale mkekani, akingoja walau aitikiwe kwa kichwa, na hakuitikiwa. Raheli alimshika mkono. Mgongo ulipotulia wakaanza kufundishana kupeana ngoma, na kila asubuhi Raheli alilala sakafuni akainua kiuno kidogo tu, kama alivyoambiwa, hata siku alizojiona ana nguvu za kuinua nyumba.

Siku ya kutoka vijana, uwanja ulijaa. Raheli alianza, pumzi ikitoka na pigo. Maumivu yalikuwepo, chini chini, yakinung'unika. Wimbo ulipokolea na watu wakawa wanamwita kwa jina, kila kiungo chake kikimsihi aendelee, alimtazama Debora, akainua kidevu. Debora akaingia bila kuacha mwanya.

Raheli akarudi nyuma, akaiweka ngoma chini, akatembea, akalegeza mabega. Alimsikia mtu akisema kwamba mama yule sasa kaisha. Neno lilimchoma, lakini hakulikimbilia, akaendelea kutembea. Pigo la Debora lilikuwa na mwendo wake, tofauti na wa Raheli, na lilikuwa zuri. Wivu ulimpanda, akauacha ushuke wenyewe.

Kisha Debora akamgeukia, akainua kidevu. Pokea.

Mgongo ulikuwa haujalegea. Uwanja mzima ulikuwa ukimtazama. Raheli alisogea, akamwinamia wifi yake sikioni.

"Bado," alisema. "Niongezee ubeti mmoja."

Debora akaangua kicheko bila kukosa pigo. Raheli akaiokota ngoma yake, akaipachika mapajani, akalegeza magoti, akasubiri mahali pake pa kuingia.