Kikohozi cha Mlinzi wa Alfajiri

Jumanne saa nne asubuhi Noreen Stegman alivaa glavu zake za pamba, akawasha taa ya mezani, akamtoa Mlinzi wa Alfajiri kwenye sponji aliyosafirishwa nayo. Alikuwa shujaa wa plastiki mwenye kimo cha kidole cha kati, joho la buluu na kifua cha manjano. Alikuwa bado ameshikizwa kwenye kadi yake ya mwaka 1979, chini ya ganda la plastiki ambalo halijawahi kufunguliwa. Noreen alikagua pembe za kadi kwa kioo cha kukuzia. Moja ilikuwa imejikunja, chini ya upana wa unywele. Akaandika tisini na mbili. Akahamia kwenye ganda, na hapo shujaa akakohoa.

Alikohoa mara tatu, kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni. Ganda likaingia ukungu kwa ndani. Noreen alingoja ukungu ukauke, maana plastiki yenye unyevu haipimiki, kisha akaandika themanini na tisa.

Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na sita, katika nyumba ya kupima vitu vya kale vya kuchezea, hapo Cincinnati, juu kidogo ya mto. Watu wazima wa majimbo yote walimletea mashujaa wa utoto wao awape alama kati ya sifuri na mia. Akishawapa, aliwafungia ndani ya sanduku la plastiki ngumu pamoja na cheti, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyebishana tena juu ya thamani yao. Alikwisha kumpima shujaa aliyeota ndevu, na adui mmoja aliyetoa jasho la siki kila Ijumaa Kuu. Mambo ya namna hiyo yalikuwa na nafasi yake kwenye fomu, chini kabisa, panapoitwa Mengineyo.

Kilichomfanya aweke kalamu chini ni kwamba kikohozi kile alikijua. Mama yake, Verna, alikohoa vilevile kila asubuhi mbele ya kikaango, mluzi ukiwa palepale mwishoni, mpaka walipomzika. Verna alifanya kazi katika chumba cha rangi, kiwanda cha mashujaa hawa kilipokuwa bado mjini. Wanawake thelathini waliketi humo wakiwatia mashujaa macho, nyusi na midomo. Madirisha yalipigiliwa misumari ili vumbi lisigande kwenye rangi mbichi. Walipoanza kukohoa, daktari wa kiwanda aliandika kwamba wanavuta sigara. Kiwanda kilihamia ng'ambo, daktari akafa, lakini sentensi yake ilibaki, na ikamfuata kila mwanamke hadi dirisha la ofisi ya fidia.

Curtis Bledsoe, mkuu wa nyumba ile, aliingia na kikombe cha kahawa.

"Huyo ndiye wa yule bwana wa Texas? Anataka tisini na tano."

"Anakohoa," Noreen alisema.

Curtis aliinama akasikiliza. Shujaa alikohoa mara mbili.

"Amekianzia wapi? Njiani au kiwandani?"

"Ganda halijafunguliwa tangu 1979."

"Basi ametoka nacho kiwandani. Kilichotoka kiwandani si kasoro, Noreen. Wewe mwenyewe ndiye unayewafundisha wapimaji wapya hivyo." Alikunywa kahawa kidogo. "Usimkate alama."

"Simkati. Nataka kukiandika."

"Kukiandika wapi?"

"Mengineyo. Kikohozi cha kiwandani."

Curtis aliutazama mlango, ingawa ulikuwa umefungwa. "Weka 'sauti'. 'Sauti ndogo ya asili.' Jina la shujaa huyu linamilikiwa na watu wenye mawakili, mama."

"Walisema akina mama walivuta sigara."

"Najua walichosema."

"Huyu kavutia wapi, Curtis? Humo ndani ya ganda?"

Curtis alisema tu kwamba kwa kipande cha thamani ile sheria ya nyumba inataka shahidi wa rangi, mtu anayeweza kuthibitisha kwamba macho ni ya kiwandani na hayakuguswa tena baadaye. Kama Noreen alikuwa anamjua yeyote aliye hai, amlete. Huenda alitaka tu kumpa shughuli ya wiki nzima.

Noreen alimjua. Alhamisi alimleta Bi Bernadine Rausch, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyekuwa akikaa kiti cha pili kutoka kwa Verna. Bi Bernadine aliingia akiburuta mtungi wake wa oksijeni kwenye kigari, mirija puani, midomo ameipaka rangi nyekundu kama mtu aendaye harusini. Alikataa kiti cha kwanza kwa kuwa kilikuwa cha chini.

"Mimi nilikuwa napaka nikiwa juu," alisema. "Nipe cha juu."

Walimpa cha juu. Alimtazama shujaa kwa kioo, muda mrefu.

"Jicho la kushoto lina nukta nyeupe," Noreen alisema. "Kwenye picha za kiwanda haipo."

"Haipo kwa sababu walitukataza. Nukta moja zaidi ni sekunde mbili zaidi. Lakini asiye na nukta anakuwa kama samaki wa sokoni, mwanangu. Mimi nilimtia kila aliyepita mkononi mwangu, msimamizi akigeuka. Huyu ni wangu."

Shujaa akakohoa. Bi Bernadine akakohoa pia, si kwa kumuiga, kifua chake tu kilikuwa kimefika zamu yake. Shujaa alingoja amalize, naye akaendelea. Wakapokezana hivyo kwa dakika nne, kama majirani wanaosalimiana juu ya ua, na mluzi ulikuwa mmoja. Curtis alisimama mlangoni. Kahawa yake ilipoa.

"Mimi sijawahi kuvuta," Bi Bernadine alisema alipopata pumzi. Alikuwa akimwambia Curtis. "Hata ubani wa kanisani ulinipalia. Nilimwambia yule daktari, akaniambia wanawake hawasemi kweli kuhusu sigara. Sasa mlete aje amwulize na huyu."

"Alishafariki, Bi Bernadine," Curtis alisema kwa upole.

"Nilikuwepo mazishini. Nilikohoa ibada nzima, hawakunitoa."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hawakufika Cincinnati. Hapo kikohozi chenyewe kilifichwa miaka arobaini na tano, tena kwa sentensi moja.

Noreen alichukua fomu mpya. Kadi, tisini na mbili. Ganda, themanini na tisa. Rangi, tisini na sita, macho yamethibitishwa na mkono ulioyapaka. Chini kabisa aliandika kwa herufi kubwa: *Kikohozi halisi, cha kiwandani, cha mwaka 1979. Chanzo: hewa ya chumba cha rangi. Shujaa havuti sigara.* Alisaini. Bi Bernadine alisaini pembeni, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea brashi ya unywele mmoja.

"Noreen," Curtis alisema, "nipe hiyo kwanza."

Noreen alikitia cheti ndani ya sanduku pamoja na shujaa, akaliweka chini ya mashine ya kuziba, akakanyaga kanyagio. Kingo zikayeyuka na kushikana. Ilichukua sekunde tatu. Kila mtu katika biashara ile anajua kwamba sanduku likishafungwa, kulivunja ni kuifuta alama.

"Haya," alisema. "Vunja."

Curtis alilishika sanduku, akaligeuza, akalirudisha mezani. Ndani yake shujaa alikuwa anakohoa taratibu.

"Umeniponza," alisema, akaenda kumpigia simu bwana wa Texas.

Bwana wa Texas alifurahi. Alimweka Mlinzi wa Alfajiri sebuleni, karibu na televisheni, na wageni wake wakanyamaza kumsikiliza. Habari ikaenea. Kabla ya Pasaka wakusanyaji walikuwa wamefungua makabati yao na kutega masikio, na mashujaa kumi na mmoja wengine wakaletwa mezani kwa Noreen, wote wakikohoa, wote wa chumba kile. Aliwaandikia wote sentensi zilezile. Curtis alimtaka aache, kisha akamtisha, kisha akaona kwamba wenye kukohoa wanatafutwa kuliko wazima, naye akachapisha fomu mpya yenye mstari wa Kikohozi. Mawakili wa wamiliki wa jina waliandika barua. Walisema hawapingi kwamba mashujaa wanakohoa, ila kikohozi cha plastiki hakithibitishi lolote juu ya kikohozi cha mtu.

Noreen aliambatisha nakala za vyeti vyote kumi na viwili kwenye ombi la fidia la Bi Bernadine. Ofisi ya fidia ilijibu baada ya wiki sita. Vyeti vilipokelewa na kusomwa. Ombi lilikataliwa kwa mara ya nne, na katika mstari wa sababu waliandika: sigara.

Bi Bernadine aliisoma barua hiyo mara mbili, akaomba wino mweupe wa kusahihishia, akaongeza nukta kwenye jicho la tai wa nembo ya serikali aliyechapwa juu ya karatasi. Jumatatu iliyofuata alikwenda pale ofisini na akina mama watatu waliobaki wa chumba cha rangi. Walichukua namba, wakaketi safu ya mbele, wakakohoa mpaka saa ya kufunga. Wamekwenda kila Jumatatu tangu hapo, na Noreen ndiye anayewapeleka kwa gari. Karani wa dirishani, kijana mstaarabu, alijifunza upesi. Huwaacha wamalize, husema samahani akina mama, kisha huita namba inayofuata, na Bi Bernadine husimama, kwa kuwa namba inayofuata ni yake.