Neno Alilolisoma Luc

Luc alifundisha Kiingereza katika mtaa wa Kimanga, ingawa yeye mwenyewe alikiokota redioni. Marie-Rose alimletea simu yenye ujumbe wa muuguzi wa Uganda kuhusu mumewe, Ndayiragije, aliyekimbia vita. Luc aliona "passed away", kisha neno la mpaka wa nchi. Mengine hakuyajua, akayaruka.

"Mama, amepita mpaka," akasema. "Ameshaenda mbali na hatari."

Marie-Rose alilia kwa furaha, akapika, akaita majirani wakacheza.

Siku ya tatu Luc alifungua kamusi ya padri. Humo alisoma kwamba Waingereza hukwepa kutaja kifo. Tangu zamani husema mtu "passed away", yaani amepita, ameenda zake. Kuvuka mpaka kuna neno lake jingine. Akaibeba kamusi, akatoka.

Alimkuta Marie-Rose akianika mihogo, akamweleza yote bila kujitetea. Mama akaketi chini taratibu.

"Siku ile miye nacheza, Ndayiragije alikuwa tayari mu udongo?"

"Ndiyo, mama."

Akamnyooshea simu. "Na yale maneno uliyoruka yanasema nini?"

Luc akafungua kamusi, akayatafuta moja moja. Sasa aliyaelewa.

"Yanasema mahali walipomzika."