Saa Mbili tu kwa Wiki

…na karatasi ilikuwa bado mstari wa pili, mikononi mwa yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiisoma kana kwamba ni hati ya mahakama, jina, simu, barua pepe, safu tatu tupu, nini cha kusoma humo muda wote huo, aliwaza, andika au pitisha, baba, na mwalimu akapitisha, kama walivyopitisha wote waliomtangulia, na yeye alisimama pale mbele ya ubao, kiganja mezani, akitabasamu lile tabasamu alilolifanyia mazoezi asubuhi bafuni, tabasamu la mtu asiye na shida, kwa sababu mkutubi wa chuo, aliyemwombea chumba hiki, alimwonya mapema, "Dada yangu, ukiomba na sura ya msiba watu wanatafuta mlango," na watu wenyewe walikuwa kumi na saba, amewahesabu mara tatu, kumi na saba Jumamosi saa nane mchana katika darasa la chuo cha ufundi, feni inakwaruza juu, projekta inatupa ukutani maneno yake mwenyewe kwa herufi za kijani, SAA MBILI TU KWA WIKI, na ile "tu" ilikuwa inamtazama, hasa ile "tu", aliiongeza jana dakika ya mwisho, kama mchuuzi anavyoongeza kiganja kimoja baada ya kipimo, na sauti kutoka nyuma ikasema, "Samahani, dada, nina swali," fundi simu huyo, kijana wa miaka thelathini hivi, kidole gumba kimechubuka kwa bisibisi, amesimama wima kama yuko darasani kweli, "mtu akijiandikisha halafu akachoka, akaacha tu, bila kuaga, kunatokea nini?" na jibu alikuwa nalo, lilikuwa namba sita kwenye daftari lake, *Hakuna neno, mwingine atachukua*, alilipigia mstari, akafungua mdomo alitoe, badala yake akalisoma tena daftarini.

Hakuna neno… mbona si gumu kulisema, robo saa iliyopita amesema mengi kuliko hilo na hakujikwaa hata mara moja, amewaeleza kwamba programu za hospitali zipo, watu wema wameziandika na kuzitoa bure kwa ulimwengu, ila zinakaa mtandaoni kama mahindi gunzini, hayaliwi hivyo hivyo, lazima awepo mtu wa kuzifungasha, azipange ziingie vizuri kwenye Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, azipime, aziweke ghalani, ili fundi wa zahanati abonyeze mara moja na muuguzi aanze kazi, na kila Linux mpya inapotoka mtu huyo azipime tena, kwa kuwa kifurushi kisicho na mtu huachwa nje ya ghala, kimya kimya, wala hapigi mtu kelele, na hapo mwalimu wa hesabu aliuliza, "Kwa hiyo sisi tutakuwa wafunga mizigo?" watu wakacheka, naye akacheka, "Ndiyo, makuli wa hospitali," kicheko kizuri, cha kuchangamsha chumba, na ndani ya kicheko hicho alisikia kwa mbali kicheko cha mdogo wake, ambaye mama yao alimwita Kengele kwa sababu alikuwa anacheka jikoni na jirani anasikia… si sasa, alijiambia, si hapa, fundi simu anasubiri, nyuso zimeinuka, sema, hakuna neno, mwingine atachukua, na ndivyo hasa alivyodhani na yeye wakati ule, kwamba mwingine atachukua, ila mwingine angechukuaje kitu chenye jina la mtu juu yake.

Kwa sababu barua ya Mzee Kiraka ilikuwa na mistari mitatu tu. Mzee Kiraka, fundi mstaafu wa mashine za eksirei, wenzake walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna programu iliyotoboka asiyoitia kiraka, peke yake alishikilia vifurushi thelathini na kimoja, na siku hiyo aliwaandikia wafungashaji wote wa kujitolea, *Ndugu zangu, kifurushi cha kumbukumbu za mzio kinahitaji mtu. Macho yangu hayaniruhusu tena. Namtaka mmoja tu,* na yeye ndiye aliyejibu wa kwanza, dakika nne hazijapita, ofisini, chai mkononi, *Niachie mimi, mzee,* na ikampendeza, loo, ilimpendeza sana, watu sita wakamjibu kwa pongezi, mmoja akaandika kwamba alikuwa na nia ya kukichukua yeye ila maadamu kimepata mwenyewe basi heri, na Mzee Kiraka akaliweka jina lake pale penye jina la mtunzaji, akaandika, *Mungu akuzidishie, binti yangu.* Jumamosi mbili alikaa nacho. Jumamosi ya tatu kikamkatalia, kosa fulani alilolisoma na kulisoma tena asilielewe, akafunga kompyuta, akasema kesho, kesho ikawa na harusi ya mfanyakazi mwenzake, kisha kazi zikaja kwa wingi, kisha ikaja ile aibu, aibu ndogo, ya kuchelewa wiki moja, ambayo dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu, mzee nimekwama, lakini aibu ukiilaza inaamka imenenepa, ikawa aibu ya mwezi, na barua ikaja, *Binti yangu, umefika wapi?* akaifungua, akaifunga, nyingine ikaja, hiyo hakuifungua. Linux mpya ikatoka. Kifurushi kikaachwa nje. Hapakupigwa kelele.

"Dada?" fundi simu alisema. Ndiyo, alijibu kwa kichwa, ngoja, na karatasi ikaingia mstari wa tatu, kwa wasichana wawili walioinamiana wakinong'ona, mmoja ameshika kalamu… na kwenye hospitali ya rufaa ya mji wao fundi aliziboresha kompyuta zote kwa Linux hiyo mpya, kwa siku mbili, kazi safi, akasifiwa, na wiki ya tatu watu wanaofanya kazi na Kengele wakamleta pale mgongoni, mguu umevimba kwa kidonda alichokipuuza, homa imempanda hadi anaongea na watu wasiokuwepo, hawezi kusema jina lake seuze kusema kwamba ile sindano ilitaka kumuua akiwa na miaka tisa, hospitali hiyo hiyo, na kwamba iliandikwa, iliandikwa kweli, mama alisimama akahakikisha inaingizwa, na muuguzi wa zamu, mwanamke mwenye mwanya, alikuwa muuguzi mzuri, hakubahatisha, alifungua kompyuta, akatafuta mahali pa mzio, panapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa, akakuta hapana kitu, akawauliza wale wenzake, wao wangejua nini, akapiga simu chumba cha mafaili, haikupokelewa, akachoma sindano ile ile. Dakika ishirini, Kengele akafa. Yeye, dada mtu, alifika dakika ya arobaini, na viatu vya ofisini, na chupa ya maji baridi aliyomnunulia njiani kwa sababu Kengele akiumwa hupenda maji baridi.

Hilo watu wanalijua. Mama analijua, ukoo wote unalijua, kwamba kompyuta haikuonyesha, ndivyo wanavyosema, kompyuta haikuonyesha, kama mtu anayesema mvua haikunyesha, na siku ya mazishi yule muuguzi alikuja, hakuna aliyemwita, alikuja peke yake, akapiga magoti mbele ya mama, "Mama, niliangalia, haki ya Mungu niliangalia, hapakuwa na kitu," na mama, mama aliyekuwa hajala siku tatu, akamshika kichwa akakiweka mapajani, "Nyamaza, mwanangu, siku zake zilifika," na yeye alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na sinia la vikombe, akajua, pale pale, kwamba mwanamke huyu aliangalia mahali ambapo mimi niliahidi kupajaza, akaenda kuosha vikombe. Muuguzi aliambiwa apumzike nyumbani hadi aitwe, mwaka na nusu huu hajaitwa. Na kosa lile, alipokaa nalo baada ya mazishi, lilikuwa la mstari mmoja, mstari mmoja tu, siku tisa kifurushi kikawa tayari, na Mzee Kiraka, ambaye sasa husomewa barua na mkewe, alimpigia simu kumshukuru, "Nilijua hutaniangusha," na hata hapo alisema asante, mzee, tena akaomba apewe na vile thelathini vilivyobaki, wakamwona mtu wa kujitoa, wakamwita Mama Vifurushi, mikutano mitano ameitisha, mji huu na ule, tabasamu hili hili, na kila aliyepitisha karatasi bila kuandika alimchukia kidogo moyoni, aliwaona wavivu, waoga, watu wa kila mtu na lake.

Na sasa aliwatazama. Mwalimu wa hesabu amekunja mikono, hajifichi, ameshindwa na amesema kwa vitendo kwamba ameshindwa, na mkutubi kule pembeni anasoma gazeti lake, na hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyemdanganya mtu leo, ila yeye tu, safu tupu haijawahi kumuua mtu, aliwaza, mtu akiona ni tupu anatafuta njia nyingine, wanarudi kwenye daftari, wanauliza mara mbili, ni jina lililomuua Kengele, jina langu, lililokaa pale likiwaambia wengine nendeni, mimi nipo… na leo nimekuja kuwakusanyia wagonjwa majina kumi na saba ya namna hiyo, kwa "tu" ya kijani, na kwanza si wagonjwa, sema kweli walau kwa nafsi yako, nimekuja kutafuta watu wa kusimama pale niliposimama ili nisionekane, na hata wakijaa chumba hiki, muuguzi yule bado yuko nyumbani kwake anaamini aliua mtu.

Basi ni kwake. Si kwenye mkutano wa sita. Kwake, na kabla yake kwa mama, na mama huenda asimwite mwanangu tena, na hilo nalo lazima lisimame kwenye foleni yake, kwa kuwa mbele ya foleni kuna fundi simu aliyeuliza swali la kiungwana na bado hajaketi, feni inakwaruza, msichana wa mstari wa tatu ameondoa kifuniko cha kalamu, amepata nafasi juu kabisa ya karatasi, anainama.

"Usiandike kwanza, mdogo wangu," alisema, na sauti iliyotoka haikuwa na lile tabasamu la bafuni. Msichana akainua kichwa, kalamu hewani. "Na wewe, ndugu yangu, kaa. Umeuliza mtu akiacha bila kuaga kunatokea nini. Jibu nililoliandika hapa ni la uongo. Mimi niliacha."